Uchambuzi: Muhogo wa Alupe na sheria inayokosekana Tororo

Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilipotoa amri ya muda mwezi Machi 2025, kuzuia uingizaji na usambazaji wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba hadi rufaa itakaposikilizwa, mjadala wa Nairobi ulirudi palipozoeleka: mahindi kutoka ng'ambo, meli bandarini Mombasa, usalama wa mlaji. Ni mjadala halali. Lakini Busia, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka Nairobi, zao linalohusika haliji kwa meli. Ni muhogo, nao umekwisha kufanyiwa majaribio katika kituo cha utafiti cha Alupe, kando ya barabara ya kwenda Malaba, kilomita chache tu kutoka Uganda.

Muhogo huo ulitengenezwa ili kukabili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu tangu miaka ya 1930 huko Amani, Tanganyika, na kwa miongo mingi ulidhaniwa kuwa tatizo la pwani. Kuanzia mwaka 2004 ulianza kuenea Uganda, kisha katika ukanda wa Ziwa Victoria. Hila yake ni kwamba shina na majani huweza kuonekana salama. Mkulima hupalilia na kusubiri kwa karibu mwaka mzima, halafu siku ya kuchimba anakuta mizizi imeoza ndani, haifai kwa unga wala kwa soko.

Watafiti wa taasisi ya kilimo ya Kenya, KALRO, na wenzao wa NARO ya Uganda, wakishirikiana na Kituo cha Danforth cha Marekani, waliingiza ndani ya muhogo vipande vya vinasaba vya virusi vyenyewe. Mmea ukishavitambua, huvikatakata virusi hivyo kabla havijazaliana. Aina iliyopewa namba 4046 ilistahimili majaribio, na Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ya Kenya ikaidhinisha ipandwe nje ya uzio wa utafiti, kwanza kwa majaribio ya kitaifa ya ubora.

Hapa kuna jambo ambalo vichwa vya habari hulipita haraka. Mwaka 2016 watafiti wa mradi huo walichapisha matokeo yasiyopendeza: miche ya aina hiyo ya muhogo, ikikuzwa maabara kutokana na tishu, hupoteza kinga yake ya asili dhidi ya batobato, ugonjwa mwingine mkubwa wa zao hili. Ndiyo maana 4046 inapaswa kuchavushwa na aina zenye kinga hiyo kabla ya kumfikia mkulima. Pingili itakayotoka kituoni kabla ya kazi hiyo kukamilika inaweza kusalimika na michirizi ya kahawia, kisha ikaangushwa na batobato.

Na pingili hutoka. Muhogo haununuliwi dukani kama mahindi chotara. Shina hukatwa vipande, hufungwa mzigo, na kupewa shemeji, jirani au mwenzake wa kanisani. Waiteso na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka, na ardhi yenyewe ilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipolihamishia jimbo la mashariki upande wa Kenya. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia hukagua malori; mzigo wa pingili kichwani hupita njia za panya. Shahidi ni batobato yenyewe. Mlipuko mkali ulioanza Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 ulifika magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 1990, ukibebwa na inzi weupe na pingili zilizoambukizwa. Tiba nayo ilivuka upande uleule: aina zenye kinga zililetwa kutoka Uganda, ila hizo zilipitia karantini kwanza.

Pingili ya 4046 ikivuka leo kuelekea Tororo, itakutana na sheria gani? Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia tangu 2009. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wake Oktoba 2017, Rais Yoweri Museveni akaurudisha, akihoji haki za wakulima waliotunza mbegu za asili na hatari ya mbegu hizo kuchanganyika na zile za maabara. Muswada uliofuata, wa Novemba 2018, ulibeba adhabu na fidia kali kiasi cha kuwafanya wanasayansi wenyewe waupinge. Huo nao haukutiwa saini. Hoja ya Rais kuhusu kuchanganyika ilikuwa na uzito, na mahali pa kuipima ni Tororo. Ajabu ni kwamba kutotia saini hakujaizuia mbegu yoyote. Kumemwacha tu afisa kilimo wa wilaya bila sheria mahususi ya kumwongoza atakapoikuta shambani.

Nchi zote mbili zimeridhia Itifaki ya Cartagena, inayoitaka nchi kuiarifu jirani pale mmea uliobadilishwa unapovuka mpaka bila kukusudiwa na ukaweza kuleta madhara makubwa. Lakini taarifa huhitaji mtu wa kugundua, na pingili haina lebo. Kwa macho, 4046 na mama yake hazitofautiki.

Kampala inaweza kuukubali muhogo huu au kuukataa. Kila uamuzi una sababu zake, na wakulima wanaohofia kupoteza mbegu zao za asili si wajinga. Kinachokosa utetezi ni ukimya. Nairobi nayo ina deni lake: kabla ya 4046 kuondoka Alupe, KALRO na NARO, ambazo tayari ni washirika maabarani, zingeweza kukubaliana jinsi ya kuziwekea alama pingili, kuzipima sampuli za pande zote mbili, na kuwaeleza wakulima wa Busia na Tororo, kwa Kiteso na Kisamia, wanachopewa. Kazi hiyo haihitaji kusubiri hukumu ya rufaa.