Kile kichupa cha mulangoni

Ba papa na ba mama wa mine, leo hatuzungumze mushahara wala prime. Tunazungumza kile kichupa.

Kila mutu anayetoka posti ya usiku anakijua. Pale mulangoni, karibu na ba mama wa mikate na mayai ya kuchemsha, kuko kijana na kartoni kifuani. Ndani ya kartoni kuko vichupa vya kijani, vya nyekundu, kingine na picha ya mutu mwenye misuli. Anafungua kimoja, anakupitishia chini ya pua, machozi yanatoka, na wewe na ule mugongo uliobeba tangu saa kumi na mbili ya jioni unasema: hii njo dawa ya kweli. Anakuambia ni « huile essentielle », mafuta makali ya miti, kitu cha asili, haina mubaya hata kidogo.

Sisi wa sendika hatuna haki ya kumucheka mutu. Sisi wenyewe, ba delege, tulichanga franga tukanunua kartoni nzima kwa ajili ya ekipe moja ya kutoboa majiwe. Wenzetu walilia mugongo na mabega, dispansere iliwapa kinini mbili mbili na kuwarudisha kazini, basi tulifikiri tunawasaidia. Kwa hiyo tunaandika haya tukiwa na deni.

Mwenzetu moja wa ekipe ile alipeleka kichupa chake nyumbani, akakiweka kwenye dirisha. Mutoto wake hajafika miaka 2. Kile kitu kinanukia sawa bombo, mutoto akakishika, akafungua kwa meno, akakunywa kidogo. Mama yake akamunywesha mafuta ya mawese ili atapike, vile bibi zetu walitufundisha. Kisha kidogo mutoto akaanza kutetemeka mwili muzima, macho yakageuka. Alilala lopitali siku 4. Leo iko anakimbia katika lupangu, tunamushukuru Mungu. Lakini usiku ule, pale kolidori, muganga alituuliza: amekunywa nini? Hakuna mutu alijibu. Kichupa kilibaki nyumbani, na sisi tuliokinunua hatukuwahi kusoma karatasi yake.

Tangu siku ile tumesoma, na tumeuliza waganga na watu wa farmasi. Tunawaambia ile tumepata.

Tuanze na neno hili « asili ». Majani ya eukaliptusi ile mama anachemsha kwa mutu mwenye mafua, na kichupa cha mafuta ya eukaliptusi, si kitu kimoja. Ili kupata kichupa kidogo, watu wanakamua kilo na kilo za majani. Nguvu yote ya mufuko muzima wa majani iko imefungwa mule. Katika sufuria unapata arufu tu, lakini mutoto akimeza kijiko kimoja cha yale mafuta, anaweza kupoteza akili na kushindwa kupumua.

Kafuri, ile karatasi inaita « camphre », inaleta kifafa kwa watoto, na haihitaji mingi. Menthol ukiipaka karibu na pua ya mutoto mudogo sana inaweza kumufunga pumzi. Ndiyo sababu mwaka 2011 wakubwa wa dawa kule Ulaya walikataza supozitwari zenye kafuri, eukaliptusi na menthol kwa watoto chini ya miezi 30. Ba mama, mutoto akiwa na kikohozi, yale mafuta ya papa yasiguse kifua chake wala muto wake.

Lakini ile ilituogopesha kupita yote ni jina lingine: « salicylate de méthyle ». Mara nyingine wanaandika « gaulthérie » ao « wintergreen ». Ndiyo ile arufu kali na tamu ya pomada za misuli. Ni ndugu ya aspirini. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta hayo yakiwa safi, mililita 5, ni sawa na gramu 7 za aspirini. Hesabu mwenyewe: kinini 14 za miligramu 500, kwa mara moja. Hiyo inaweza kuua mutoto. Na si kumeza tu, juu inapita hata kwa ngozi. Mutu anayekunywa dawa ya kulegeza damu, ao mama mwenye mimba kubwa, asijipake bila kuuliza muganga.

Tunajua namna tunavyofanya sisi wanaume. Tunapaka mingi, tunafunga na plastiki, juu yake tunaweka kitambaa cha moto, kisha overol, na tunashuka kule chini ambako joto linatungoja. Ngozi ikiwa na joto na ikiwa imefungwa, inakunywa mafuta kupita kipimo. Na inaweza kuungua kweli. Marekani, mwaka 2012, ofisi ya serikali inayochunga dawa ilionya juu ya pomada za misuli zenye menthol na salicylate: watu waliungua ngozi vibaya, wengine kisha kupaka mara moja tu. Tumeona mugongo wa mwenzetu wenye malengelenge sawa mutu aliyemwagiwa maji ya moto. Yeye alisema « inachoma, basi inafanya kazi ».

Ba suderi, neno moja kwenu: mukono wenye mafuta usifungue chupa ya oksijeni. Oksijeni na mafuta vikikutana vinaweza kuwaka bila kibiriti. Mulijifunza hiyo kwa grisi, na haya mafuta pia ni vile vile. Na kitambaa kilicholowa kisikauke juu ya mbabula.

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Juu ya nini mutumishi mwenye haki ya kutunzwa anaenda kununua dawa kwa kijana wa kartoni? Code du travail ya mwaka 2002 inasema wazi: mwajiri anapashwa kutunza mutumishi na jamaa yake wakati wa ugonjwa, na dawa ndani. Hakuna anayepinga. Lakini uliza wale wa kampani ndogo zenye kandarasi ya miezi 3. Wanajua kwamba kapita anaangalia jina la nani limeandikwa mara ngapi katika kaye ya dispansere, na kandarasi ikiisha, majina yale hayarudi. Basi mutu anajipaka ndani ya choo, anameza maumivu, anashika tena mashine. Kichupa hakimuponyeshe, kinamuficha mbele ya kapita na mbele yake mwenyewe.

Mmoja wetu alijificha hivyo miezi 5. Mugongo ulikuwa unauma mupaka mugulu, kisha mugulu ukashikwa na ganzi, yeye anaendelea kupaka. Siku ile alishindwa kukojoa ndiyo alifika lopitali, na waganga walisema mishipa ya chini ya uti wa mugongo ilikuwa imebanwa tangu zamani. Leo anatembea na fimbo. Na juu hakuna siku hata moja alipotangaza kuumia kazini, karatasi yake kule CNSS inasimama hapo hapo. Ganzi katika mugulu ao katikati ya mapaja, mukojo kukataa ao kutoka peke yake: hiyo usiipake kitu, enda lopitali siku ile ile.

Hatusemi mutupe vyote. Pomada ya farmasi, yenye jina na tarehe, ukipaka kidogo kwa ngozi isiyo na kidonda, bila plastiki wala joto, kisha ukanawa mikono na sabuni mbele ya kushika macho ao mutoto, inaweza kusaidia kwa siku chache. Iweke juu, mahali mutoto hafiki. Kama mutoto amekunywa: asitapikishwe, juu mafuta yanaweza kuingia katika mapafu. Asipewe mawese. Shika mutoto, shika na kichupa, mukimbie lopitali.

Wengine watasema yule kijana wa kartoni naye anatafuta bukari ya watoto wake. Ni kweli, na hatukumufukuza. Tulimuonyesha maandishi ya vichupa vyake. Yeye pia alikuwa hajasoma, na zingine hazina maandishi hata kidogo.

Kwa mukutano unaokuja wa komite ya hijieni na usalama, tutauliza mambo mawili. Kwanza, kaye ya dispansere ibaki mikononi mwa waganga, kapita asiione. Pili, mutu mwenye mugongo unaouma apewe kazi nyepesi kwa karatasi ya muganga, bila kukatwa mushahara na bila kuhesabiwa siku ya kandarasi mupya, hata kama ni wa kampani ndogo. Vichupa 11 vilibaki katika kartoni yetu. Viko ofisini, ndani ya sanduku lenye kufuli, na siku ile tutavipeleka pale mezani.