Alama Zisizolingana, Mizani Isiyolingana

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, swali moja huvuma Mtwara kama upepo wa kusi: kijana mwenye A ya Baiolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia aombe udaktari wapi? Wapo wanaomjibu kwa huruma, wapo wanaomjibu kwa kejeli, na wapo madalali wa udahili wanaomjibu kwa namba ya simu ya kutumia fedha. Makala hii inakusudia kumjibu kwa hoja, na kuwauliza wenye mamlaka swali ambalo yeye hathubutu kuwauliza.

Jibu la kikanuni ni fupi na chungu. Shahada ya udaktari wa binadamu, kwa vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, humtaka mwombaji wa moja kwa moja awe na ufaulu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, pointi zisizopungua 6, na angalau D katika kila somo. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kijana wetu ana pointi 10. Mwenzake mwenye D tatu ana pointi 6. Mwenye 10 amefungiwa mlango nchi nzima. Mwenye 6, walau kwenye karatasi, amefunguliwa.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na mwenye D tatu. Naye ni mtoto wa nchi hii na huenda akawa tabibu hodari. Ugomvi wangu ni na mizani inayodai kupima uwezo wa mtu ilhali inapima usawa wa mazingira aliyosomea. Alama zinazolingana, hata zikiwa za chini, zimehesabiwa kuwa utulivu. Alama zisizolingana, hata zikiwa na kilele, zimehesabiwa kuwa kasoro.

Kasoro hiyo ni ya nani? Baiolojia yaweza kusomwa na mwanafunzi mwenye bidii, kitabu kimoja na taa. Kemia, kwa taabu, yaweza kukimbizwa kwa mitihani ya miaka iliyopita. Fizikia haina huruma hiyo. Inamtaka mwalimu aliyeshiba hesabu, inataka maabara yenye vifaa na si jengo lenye maandishi "Maabara" juu ya mlango. Tangu Novemba 2012, Rais Kikwete alipoagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, tumejenga kuta nyingi. Kuta hazifundishi sheria za Newton. Mtoto aliyeanzia shule ya Msimbati, Mahurunga au Kitaya, akafika kidato cha sita na kupata A katika somo lolote la sayansi, amepanda ngazi iliyokosa vidato. Ile E yake ya Fizikia inatuambia mwalimu wa Fizikia hakuwepo wapi, na kwa miaka mingapi.

Kuna aliye nyuma yake zaidi, ambaye hata E hana. Ni yule aliyepangiwa tahasusi ya Kemia, Baiolojia na Jiografia kwa kuwa Fizikia ilimshinda, au ilikosa wa kuifundisha, akiwa na miaka 16. Huyo udaktari ulimponyoka kabla hajajua kuwa ameupoteza. Hakuna mtu aliyemwita akamweleza kwamba fomu ile ya uchaguzi wa tahasusi ilikuwa pia fomu ya kuaga hospitali.

Sasa tuje kwa aliyevuka kiwango cha chini lakini kwa alama za kuyumba: C, D na B, kwa mfano. Huyu ana sifa, na tangu udahili wa mwaka wa masomo 2017/18 anaomba mwenyewe moja kwa moja vyuoni, si kupitia mfumo mmoja wa pamoja kama ilivyokuwa tangu 2010. Watu walishangilia mabadiliko hayo kama uhuru. Ni uhuru kweli, kwa mwenye taarifa. Kwa asiye nazo, ni kutupwa baharini na kuambiwa achague upande wa kuogelea.

Kosa kubwa analofanya huyu, na wanalomfanyia wakubwa wake, ni msemo wa "Muhimbili au basi". Chuo cha Muhimbili, kilichoanza 1963 kama Shule ya Tiba ya Dar es Salaam, kinastahili heshima yake yote. Lakini heshima haiongezi nafasi darasani. Kiwango cha chini cha kikanuni si alama ya mwisho ya kuingilia. Pale wanapoomba maelfu kwa nafasi chache, kiwango halisi hupanda juu sana ya D tatu. Mwombaji mwenye alama za kuyumba anayezipeleka karata zake zote katika chuo kimoja chenye ushindani mkali anatambika tu, na dirisha la udahili halisubiri majibu ya mizimu.

Nchi hii ina vyuo vya tiba Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya, Ifakara na Zanzibar, mbali na vile vya Dar es Salaam. Shahada ni miaka mitano kote, mafunzo ya kazi kwa vitendo ni mwaka mmoja kote, na leseni ya Baraza la Madaktari haimwulizi mtu alisomea mji gani. Mgonjwa wa Nanyamba hatamwuliza pia. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Basi ushauri wangu kwa kijana mwenye alama za namna hiyo ni huu: omba zaidi ya chuo kimoja, kimoja unachokitamani, kimoja unacholingana nacho, kimoja ambacho ungekipata hata upepo ukiwa mbaya. Angalia somo lako dhaifu kabla ya jumla ya pointi zako, kwa kuwa ndilo litakalokukwamisha. Awamu ya kwanza ikikupita, awamu ya pili si aibu. Na usimpe dalali hata shilingi; hana ufunguo ambao wewe huna.

Lakini hapa ndipo ushauri unapogonga mwamba. Vyuo vingi vilivyo tayari kumpokea mwenye alama za chini ni vya binafsi, na ada yake kwa mwaka ni mara kadhaa ya ile ya chuo cha umma. Bodi ya Mikopo husaidia, ila mkopo na ada havikui kwa mwendo mmoja. Kwa mzazi anayetegemea msimu wa korosho, au mvuvi wa Msangamkuu anayetegemea bamvua, tofauti hiyo ndiyo hukumu. Kwa hiyo tuseme ukweli bila kupaka rangi: alama za kuyumba za mtoto wa mwenye nacho huitwa "changamoto" na hutatuliwa kwa ada. Alama zizo hizo za mtoto wa asiye nacho huitwa "kufeli". Mlango ni mmoja, lakini bawabu anatazama mfuko.

Wapo watakaosema: Mwalimu, afya si mahali pa huruma, ukilegeza mlango utaua wagonjwa. Hoja hii ni nzito, nami siidharau. Ila ina makosa mawili. Kwanza, inadhani ubora wa daktari huamuliwa siku anapoingia chuoni. Ubora huthibitishwa anapotoka: kwa mitihani ya miaka mitano, wodini, chini ya macho ya madaktari bingwa, kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Anayetaka kulinda wagonjwa na akaze mlango wa kutokea. Pili, mlango wa kuingilia umekwisha kulegezwa zamani, kwa wanaoweza kulipia. Hatujasikia maandamano ya kulinda viwango dhidi ya D tatu zenye ada kamili.

Zaidi ya hayo, historia yetu yenyewe inashuhudia. Kwa miongo mingi, upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni katika hospitali za wilaya ulifanywa kwa kiasi kikubwa na madaktari wasaidizi: watu walioanza kama matabibu, wakafanya kazi, wakaongezewa mafunzo. Hawa ndio ambao alama zao za shuleni zisingewapeleka Muhimbili moja kwa moja. Utafiti wa hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma uliochapishwa 2009 ulilinganisha upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa nao na ule wa madaktari wenye shahada, wala haukuona tofauti ya maana katika matokeo. Mama wengi waliopona hawakujua cheti cha kidato cha sita cha aliyeshika kisu kilikuwa na herufi gani.

Hii inanileta kwenye njia ambayo vijana wetu wanaidharau kwa kuwa sisi tumewafundisha kuidharau. Mtwara ina chuo cha kufundisha matabibu. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu, na mwenye wastani usiopungua 3.0 anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari. Lakini asidanganywe: huangaliwa pia cheti chake cha kidato cha nne, angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Aliyeiacha Hisabati ya kidato cha nne kwa kudhani haimhusu, atakutana nayo mlangoni miaka saba baadaye. Ni njia ndefu, inayopita zahanati kabla ya mhadhara, nami siiiti njia ya walioshindwa. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mwombaji wa chuo kikuu apite kazini kwanza. Lilikuwa na madhaifu yake, lakini lilitukumbusha jambo moja: sifa za kuingia chuo kikuu huamuliwa na watu, na walioziamua jana waweza kuziamua upya kesho.

Basi na ziamuliwe. Namtazama sasa mtumishi wa umma anayesoma makala hii kwa siri ofisini, na nina madai matatu.

La kwanza halihitaji hata bajeti. Kila chuo kitangaze alama za aliyeingia wa mwisho mwaka uliopita, kwa kila shahada. Mwongozo wa udahili unamwambia mwombaji kiwango cha chini. Haumwambii kiwango halisi. Wakenya huwaonyesha waombaji wao pointi za mwisho za miaka iliyopita katika mfumo wa pamoja wa udahili. Kwetu taarifa hiyo huishia kwa wenye mjomba chuoni.

La pili: mizani itambue mazingira. Makerere ilianza 1990 kuwaongezea wanawake waombaji pointi 1.5, na tangu 2005 Uganda ina mgao wa wilaya katika ufadhili wa serikali vyuoni. Japani ilianzisha Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi mwaka 1972, kinachochukua wanafunzi kutoka kila mkoa wa nchi, kikawasomesha, kisha kikawarudisha kutumikia mikoa yao kwa miaka kadhaa. Hapo mwenye E ya Fizikia na kilele katika Baiolojia angepewa mwaka mmoja wa maandalizi, wenye mwalimu na maabara, kisha apimwe. Kumwambia arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, palepale pasipo na mwalimu, ni kumwambia arudie njaa ili ashibe.

La tatu ni kubwa zaidi. Mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma haina chuo kinachotoa shahada ya udaktari. Hoja ya zamani ilikuwa kwamba hakuna hospitali ya kufundishia. Hoja hiyo imekufa: Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imesimama Mitengo, na Ligula ipo, na Ndanda na Nyangao zipo kwa miongo mingi. Kigoma, mwisho wa reli, imewekwa katika mpango wa kupata kampasi ya Muhimbili kupitia mradi wa elimu ya juu ulioanza 2021. Hongera Kigoma. Je, mwisho wa barabara ya kusini hauna wagonjwa?

Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2010 kwamba nchi zinazotaka madaktari wabaki vijijini zidahili vijana wa vijijini na zijenge vyuo nje ya miji mikuu. Huo si upendeleo. Ni hesabu ya wapi watu hurudi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua iliyokata barabara ya Dar es Salaam na mikoa ya kusini, tuliona maana ya kutegemea rufaa iliyo mamia ya kilomita kaskazini. Gesi ya Mnazi Bay ilijengewa bomba hadi Dar es Salaam, na 2013 watu wa hapa walipouliza kitakachobaki waliambiwa wafikirie taifa. Wamefikiri. Sasa taifa nalo lifikiri: tunasafirisha gesi, tunasafirisha korosho ghafi, tunasafirisha wagonjwa, na kijana mwenye A ya Baiolojia tunamwacha njia panda na herufi moja shingoni.

Kwako kijana: omba, tena omba kwa akili. Herufi ile ni ya kwako kwenye cheti tu; deni lake ni la wengi. Na kwenu mnaotunga vigezo: mkikaa tena mezani, wekeni pembeni ya orodha ya alama orodha ya shule zisizo na mwalimu wa Fizikia. Zisomeni pamoja, kisha ndipo mtuambie nani amefeli.