Wageni Wale Wamekuja Matangani

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, na sisi wanafunzi tumeitumia methali hii katika insha mpaka imechakaa kama soli ya kiatu. Tunamrushia kijana aliyenyoa kiduku, tunamrushia msichana anayejifanya kwamba hajui lugha ya mama. Lakini wenzangu, hebu tuitazame tena. Kuna mamilioni ya watu duniani ambao kwao methali hii imekaa kinyumenyume. Wao hawakuacha asili wakawa watumwa. Walifanywa watumwa kwanza, asili wakanyang'anywa baadaye. Hao ndio watu weusi wa Marekani, Jamaika, Brazili na visiwa vya Karibi, na ndio ninaotaka kuwatetea katika ukurasa huu.

Nawatetea mbele ya nani? Mbele yenu. Muhula uliopita katika kipindi cha Historia tulionyeshwa kwenye kompyuta filamu fupi ya kikundi cha Wamarekani weusi wakizuru ngome ya Cape Coast nchini Ghana. Walishuka mpaka chumba cha chini, taa zikazimwa, na mama mmoja wa makamo akaanza kulia kwa sauti. Darasa likaangua kicheko! Mmoja wetu akasema, "Huyo anaigiza, bwana. Ana nauli ya ndege na bado analia?" Mwingine akauliza analilia nini na mambo yenyewe yalikwisha zamani. Kengele ikalia, tukatoka. Maswali yale hayakupata jibu, nami naona yanastahili jibu, kwa sababu hayakuwa ya kijinga hata kidogo.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Pwani ya Ghana ina ngome nyingi za Wazungu. Ya Elmina ilijengwa na Wareno mwaka 1482, yaani miaka kumi kabla Columbus hajavuka bahari kwenda Marekani. Walikuja kutafuta dhahabu, na kwa muda walinunua dhahabu kweli. Baadaye biashara ya watu ikawa na faida zaidi. Ngome ya Cape Coast, ambayo iko jirani, ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Waingereza katika pwani ile. Huko chini kuna mashimo ambamo watu walifungiwa kwa majuma, pengine kwa miezi, wakingoja meli. Hewa haba, choo hakuna, chakula ni cha kutupiwa. Na juu ya shimo la wanaume, msomaji wangu, palikuwa na kanisa. Sijui kama walioimba juu waliwasikia waliolia chini, lakini sakafu ilikuwa ni moja.

Mwisho wa mashimo hayo kuna mlango mdogo unaotokea baharini, unaoitwa Mlango wa Kutorudi. Wataalamu waliokusanya kumbukumbu za meli wanakadiria kwamba watu milioni 12.5 walipakiwa kutoka Afrika kupelekwa ng'ambo ya Atlantiki, na waliofika wakiwa hai ni kama milioni 10.7. Fanya hesabu ya kutoa, hesabu ya shule ya msingi tu. Waliobaki, karibu milioni 1.8, walifia njiani wakatupwa majini. Hao hawana kaburi. Hakuna aliyewakalia matanga, kwa maana waliobaki nyumbani hawakujua kama ndugu yao yu hai au amekufa, na wale waliokuwa naye melini walikuwa katika minyororo.

Basi hilo ndilo jibu langu kwa yule aliyeuliza mama yule alilia nini. Alikuwa matangani. Matanga yalichelewa kwa miaka mia mbili, mia tatu, lakini ni matanga.

Na sisi Wakenya tungekuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Nani hapa hajaona watu wakichanga fedha kusafirisha maiti kutoka Nairobi au Mombasa mpaka mashambani? Familia itakopa, itauza ng'ombe, itafanya harambee usiku na mchana, ili mradi marehemu asilale katika udongo wa ugenini. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mkewe Wambui alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, nao ukoo wake wa Umira Kager ukasema hapana, mtu wetu atazikwa Siaya. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani. Taifa zima lilifuata magazetini na redioni, na maiti ikakaa mochari mpaka Mei 1987, ndipo ukoo ukashinda akazikwa Nyalgunga. Sisemi nani alikuwa na haki. Wazee wetu nyumbani mpaka leo hawajakubaliana juu ya hilo, na mimi ni nani? Ninalosema ni kwamba nchi iliyobishana kwa miezi mitano juu ya udongo wa kumzika mtu mmoja haina ruhusa ya kumcheka mtu ambaye hajui udongo wa kwao ni upi.

Waghana wenyewe waliligundua hili mapema. Mwaka 1998, wakati nchi yao ilipoadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Ukombozi wa Watumwa, yaliletwa mabaki ya watu wawili waliokuwa watumwa: mwanamke aitwaye Crystal kutoka Jamaika, na Samuel Carson kutoka Marekani. Masanduku yao yalipitishwa katika ule ule Mlango wa Kutorudi, safari hii wakitoka baharini kuingia ndani. Kisha wakapelekwa Assin Manso, kaskazini mwa Cape Coast, wakazikwa karibu na mto ambao mateka waliotembezwa kutoka bara walikuwa wakiogeshwa mara ya mwisho kabla ya kufikishwa pwani. Wageni wanaokwenda huko siku hizi huvua viatu na kuteremka mpaka majini. Na ukitoka nje ya ule mlango wa Cape Coast ukageuka nyuma, utaona kibao kimeandikwa Mlango wa Kurudi. Mimi nilipoyasoma haya ndipo nikajua kwamba neno matanga silitumii kwa kutia chumvi.

Kuna anayesema: kama ni uchungu, mbona wanakwenda kwa makundi, wamevaa fulana za rangi moja, kama timu ya mpira? Mbona mtu asiende peke yake akalia kimya? Swali hili linanishangaza likitoka kwa Mwafrika. Tangu lini sisi tukamwacha mfiwa alie peke yake? Kwetu msiba ni wa watu. Jirani anakuja na kuni, shangazi anakuja na sufuria, vijana wanakesha nje na moto. Mtu akiomboleza pekee tunaogopa, tunasema atapata wazimu. Watu hawa wanakuja kumi, ishirini, wazee na vijana, wanashikana mikono gizani, mmoja akishindwa kusimama mwenzake anamwegemeza. Hawakufundishwa na sisi, lakini wanafanya kama sisi. Tena wengine hupewa majina huko. Waakan wa Ghana humwita mtoto kwa siku aliyozaliwa: mvulana wa Ijumaa ni Kofi, msichana wa Jumamosi ni Ama. Nasi pwani tuna akina Juma na akina Khamisi. Mtu aliyebeba maisha yake yote jina la ukoo wa bwana aliyemnunua babu yake, leo anaulizwa, "Ulizaliwa siku gani?" Hiyo ni dawa, hata kama si ya hospitali.

Hata hivyo nisije nikawapaka wenyeji mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwandishi mmoja Mmarekani mweusi, Saidiya Hartman, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2007, alikwenda Ghana akitafuta njia za watumwa, na watu barabarani wakamwita obruni, neno wanalomwita Mzungu au mgeni. Hebu fikiria. Marekani unaambiwa wewe ni mweusi, si wa hapa. Unafika Afrika, watoto wanakukimbilia wakikuita Mzungu! Nadhani hapa kwetu mambo yangekuwa yale yale. Tungemwita mzungu mweusi, tukampandishia bei ya vinyago, tukamwomba atutafutie viza.

Katika miaka ya 1990, ngome hizo zilipokuwa zikikarabatiwa, Wamarekani weusi waliokuwa wamehamia Ghana walilalamika kwamba kuta zinapakwa rangi na mahali pa mateso panarembeshwa kama hoteli. Wenyeji wengi hawakuona ubaya. Jengo bovu likitengenezwa linaleta watalii, na watalii wanaleta kazi. Hapa nakiri hoja ya wenyeji ina uzito. Mji ule ni wa wavuvi, watu wanataka karo na unga. Tena kiingilio ni lazima, maana chumvi ya bahari inakula kuta, na ngome zenyewe zimo katika Urithi wa Dunia tangu 1979. Lipeni, wageni. Lakini kumfuata mtu langoni na bangili, macho yake bado mekundu, ukimvuta mkono anunue? Hakuna mtu anayeuza shanga mlangoni pa matanga. Maduka yawe hatua mia mbili huko, mtu afute machozi kwanza.

Kisha kuna jambo ambalo wenyeji wa matanga haya hawapendi kulitaja. Walioingizwa katika mashimo yale hawakukamatwa wote na Wazungu. Wazungu waliishi pwani, waliogopa homa na majeshi ya bara. Watu wengi walitekwa vitani au kuibwa vijijini na Waafrika wenzao, wakauzwa kwa bunduki, vitambaa na pombe. Waashanti walikuwa na mwiko: mtu asitaje hadharani asili ya mwingine, ili wazao wa mateka wachanganyike na wazao wa mabwana na nchi ikae kwa amani. Ni mwiko wa busara, siukatai. Ila mimi naona kimya humfaa zaidi aliyeuza kuliko aliyeuzwa. Mgeni anakuja na swali moja tu, "Nani alinitoa hapa?" Ukimwonyesha Mreno na Mwingereza peke yao, umemwambia nusu. Mwaka 1999 Rais Mathieu Kérékou wa Benin alikwenda kanisani mjini Baltimore, Marekani, akapiga magoti mbele ya watu weusi wa huko akaomba msamaha kwa sehemu ya Waafrika katika biashara ile. Rais mzima, magotini! Wapo waliosema ni siasa. Huenda. Lakini mfiwa hakuuliza kama magoti yale ni ya siasa, aliyaona.

Ghana nayo iliutangaza mwaka 2019 kuwa Mwaka wa Kurudi, kwa kuwa ilikuwa ni miaka 400 tangu Waafrika wa kwanza wafikishwe Virginia mwaka 1619. Watu walikuja kwa maelfu, na Novemba ile 126 kati yao wakapewa uraia. Novemba 2024 wakapewa wengine 524. Wanaopinga wanasema haya yote ni biashara, kwamba wengi wanakuja Desemba kucheza muziki Accra na ngome wanapitia siku moja. Kwani sisi hatuna disko matanga? Serikali imezipiga marufuku mara ngapi, na bado vijana wanacheza mpaka alfajiri, na asubuhi wale wale ndio wanaochimba kaburi. Mtu anaweza kucheza usiku na kulia mchana, na vyote viwili vikawa vya kweli.

Hapa sasa nitageukia kwetu, maana ni rahisi kuwafundisha Waghana adabu ukiwa Kenya. Sisi pia tulikuwa na biashara hii, iliyoelekea Unguja, Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Soko la Unguja lilifungwa 1873, na katika pwani ya Kenya utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1907. Mwaka 1875 wamishonari wa Kiingereza walianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pawe makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengine walioishi hapo walikuwa wameokolewa wakiwa watoto, wakapelekwa India kulelewa na kusomeshwa Nasik, kisha wakarudishwa Afrika wakiwa watu wazima. Hao nao walirudi, lakini hawakurudi kwao, kwani wengi walitoka mbali sana na Mombasa. Wajukuu wao wako Kisauni mpaka leo. Ni Wakenya kama mimi na wewe.

Shule yetu hupeleka safari Mombasa karibu kila mwaka. Tunakwenda Fort Jesus, tunapiga picha juu ya mizinga, tunakwenda baharini, tunarudi na mabuyu. Hakuna mwaka tuliosimama Frere Town. Naomba Chama cha Kiswahili na Chama cha Historia vikae pamoja kabla ratiba ya mwakani haijapigwa chapa. Hakuna haja ya kukodi basi jingine wala kuongeza mchango. Kengele iliyokuwa ikipigwa hapo zamani bado ipo kando ya barabara ya kwenda Malindi, na matatu za Kisauni hupita hapo hapo. Makanga akiita "Kengeleni!" ndipo.