Kabla ya Austin kulikuwa na vibarua

Kuna kauli imenichosha masikio. Kila mazungumzo ya mieleka ya Marekani yakipamba moto kijiweni (na siku hizi kijiwe chenyewe kiko ndani ya simu), lazima atokee mtu mzima na akili zake aseme kwamba Hulk Hogan alipoondoka WWF ilikufa, halafu Steve Austin akaja akaifufua. Kwa maana hiyo kuanzia 1993 mpaka 1997 hakukuwa na kitu. Miaka minne, shimo tupu. Leo nataka kubishana na kauli hiyo, na wadau mniwie radhi nikionekana nina kinyongo, kwa sababu ninacho.

Tuwekane sawa kwanza. WWF ninayoitaja ndiyo WWE ya leo. Jina lilibadilika mwaka 2002 baada ya kushindwa kesi na wale wa mfuko wa kuhifadhi wanyamapori, waliokuwa wakitumia herufi hizohizo. Na tafadhali asije mtu kuniambia kwamba mieleka ni maigizo. Najua. Mshindi anapangwa, ugomvi unatungwa, na wanaochukiana ulingoni wanaweza kupanda gari moja wakitoka. Lakini mbao na vyuma vya ulingo havijui kama ni maigizo, na mgongo unaoangukia pale ni mgongo wa mtu.

Mwaka 1995 mimi nilikuwa sijazaliwa. Mieleka hii nimeirithi kwa kaka yangu mkubwa, kwenye kanda za VHS zilizorudufiwa mpaka rangi zikachujuka, majina ya maonyesho yameandikwa kwa kalamu ya wino na mengine yamekosewa. Mtaani kwetu hakuna aliyelipia onyesho kwa bei ya Marekani. Wakubwa zetu walimlipa mwenye banda la video, basi. Yaliyobaki nimeyatafuta mwenyewe kwenye intaneti, usiku, nikishamaliza kuandika habari za vikao vya madiwani.

Sasa kilitokea nini? Kuanzia Januari 1984 Hogan ndiye alikuwa WWF. Pandikizi la mtu, misuli kila mahali, masharubu, watoto wanampenda. Kisha ikaja kashfa ya steroidi. Novemba 1993 mmiliki wa kampuni, Vince McMahon, akashtakiwa katika mahakama ya shirikisho. Julai 1994 kesi ikasikilizwa huko Long Island, Hogan mwenyewe akapanda kizimbani kama shahidi wa upande wa mashtaka, na McMahon akaachiwa huru. Lakini hata kabla ya hukumu mambo yalikuwa yamegeuka. Wenye miili ya ajabu hawakuwa tena tangazo zuri la biashara, na Hogan alikuwa ameshakula kona. Juni 1994 akasaini na wapinzani, WCW.

Kama unataka kuona zama moja ikiipisha nyingine ndani ya usiku mmoja, tafuta King of the Ring ya tarehe 13 Juni 1993, Dayton, Ohio. Usiku ule Hogan alipoteza ubingwa kwa Yokozuna kwa kisa cha kuchekesha kabisa: mpiga picha alipanda pembeni ya ulingo, kamera ikamlipukia Hogan usoni, kwisha habari. Lilikuwa onyesho lake la mwisho la kulipia WWF kwa miaka mingi. Usiku uleule Bret Hart, mtu wa umbo la kawaida tu, alipigana mara tatu. Akamtoa Razor Ramon, akamtoa Mr. Perfect, akamtoa Bam Bam Bigelow. Mapambano matatu, kila moja na hadithi yake, na kila moja anazidi kuchechemea. Mmoja aliondoka na moshi usoni, mwingine akafanya kazi ya watu watatu. Ukiniuliza miaka ile minne ilikuwaje, nitakuonyesha usiku ule.

Na kazi ikaongezeka. Mpaka mwanzoni mwa 1995 WWF ilikuwa na maonyesho makubwa matano ya kulipia kwa mwaka: Royal Rumble, WrestleMania, King of the Ring, SummerSlam na Survivor Series. Mtazamaji wa Marekani analipia onyesho moja kupitia kampuni ya kebo, kampuni ya kebo inachukua fungu lake, linalobaki linakwenda kwa mwenye mieleka. Tarehe 14 Mei 1995, huko Syracuse, New York, wakaanzisha kitu kinaitwa In Your House. Onyesho la saa mbili, bei dola 14.95, karibu nusu ya bei ya yale makubwa, na litakuwa likija katika miezi ambayo hakuna onyesho kubwa. Ili watu waamke, siku ya kwanza wakagawa nyumba. Nyumba kabisa, ya kuishi, iliyoko Orlando, Florida, na aliyeshinda alikuwa mtoto wa miaka 11. Kaazi kwelikweli!

Bret alipigana mara mbili usiku ule pia.

Wanaoicheka miaka ile wana hoja, siwezi kuwanyima. Mwaka 1995 ulikuwa na mambo ya aibu. Mtu aliingia ulingoni akiwa mzoa taka na pipa lake. Mwingine mfugaji wa nguruwe, mwingine dereva wa magari ya mashindano, na mwaka uliofuata akaja fundi bomba. Kulikuwa na daktari wa meno aliyeitwa Isaac Yankem. Na pale Philadelphia, Juni 1995, wakamvika taji la mfalme Mabel, mtu mnene kupita kiasi, huku ukumbi mzima ukiimba jina la ECW, kampuni ndogo ya mji huo. Diesel, bingwa aliyeupata mkanda Novemba 1994 kwa kumwangusha Bob Backlund kwa sekunde 8, aliukaa nao karibu mwaka mzima bila biashara kunyanyuka.

Lakini hebu waangalie hao waliovalishwa sare za mzoa taka na fundi bomba. Unadhani ni wao waliotunga? Mwenye kampuni ndiye aliyeona Marekani nzima kama orodha ya kazi za mikono, kisha akawagawia watu waziigize. Yule daktari wa meno ni Glenn Jacobs. Alipopewa kitu cha maana, Oktoba 1997, akawa Kane, na Kane unamjua. Mwaka 2018 akachaguliwa kuwa meya wa Knox County, Tennessee. Kipaji kilikuwepo tangu siku za koleo la meno.

Hapa ndipo kinyongo changu kinapoingia. Wanamieleka wa WWF hawakuwa waajiriwa. Kisheria walihesabiwa kama wakandarasi wa kujitegemea, na mpaka leo WWE inawahesabu hivyo. Malipo yao yalitegemea viingilio vya ukumbini na mauzo ya onyesho, na anayejua mauzo ni mwenye daftari. Watu wakija wachache, mfuko wako ndio unaopungua, hata kama uliyeamriwa kuvaa sare ya kijinga si wewe uliyeichagua. Nimefanya kazi ya uandishi wa kulipwa kwa habari iliyotoka. Habari isipotoka, nauli ni yako, chakula cha mchana ni chako, na mvua iliyokunyeshea uwanjani ni yako. Mhariri akibadilisha kichwa cha habari kikawa cha ovyo, jina lililo chini yake ni lako. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wa 1995 walikuwa "hawavutii", mimi nasikia kitu kingine kabisa.

Na mtu alishajaribu. Mwaka 1986, karibu na WrestleMania ya pili, Jesse Ventura aliwashawishi wenzake waunde chama cha wafanyakazi. Habari ikamfikia McMahon. Miaka baadaye, Ventura alipoishtaki kampuni, ikajulikana kwa ushahidi wa kiapo kwamba aliyepeleka maneno ni Hogan. Ndiyo, huyohuyo mnayesema aliondoka na uhai wa WWF. Ventura akaja kuwa gavana wa Minnesota, 1999 mpaka 2003, na chama hakijaundwa mpaka leo.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha tarehe 26 Mei 1996, Florence, South Carolina. In Your House ya nane, jina lake Beware of Dog. Dhoruba ikapiga, umeme ukakatika. Sisi wa mgao tungetulia tu, tungewasha mishumaa na kuendelea na stori. Lakini hawa walikuwa hewani na watu wameshalipa! Waliolipia nyumbani waliona mwanzo na mwisho tu. Katikati, wanamieleka walipigana gizani mbele ya watu wa ukumbini bila kamera kuona kitu. Siku mbili baadaye wakapelekwa North Charleston kuyarudia mapambano yaleyale ili waliolipa wapate haki yao. Mmoja wao alikuwa anapigana pambano la kuchapana mikanda ya ngozi, kwa hiyo alichapwa Jumapili gizani, akachapwa tena Jumanne kwenye taa. Mtu huyo alikuwa Steve Austin.

Yaani yule mkombozi wenu hakushuka na mwavuli. WCW walimtema mwaka 1995 akiwa majeruhi. Akaingia WWF Januari 1996 kwa jina baya la The Ringmaster, mmoja wa vibarua walewale. Hata bahati yake ilitokana na mgomo mdogo wa watu wa kipindi hichohicho. Mei 1996 Razor Ramon na Diesel, yaani Scott Hall na Kevin Nash, walikuwa wanahamia WCW kwa sababu WCW iliwaahidi mshahara wa uhakika, watu waje wasije. Usiku wa kuwaaga, Madison Square Garden, wakakumbatiana ulingoni na Shawn Michaels na Triple H, maadui na marafiki pamoja, mbele ya watazamaji. Mzee akakasirika. Walioondoka hakuweza kuwagusa, Shawn alikuwa bingwa, basi adhabu ikamwangukia Triple H, na ushindi wa King of the Ring aliokuwa amepangiwa Juni ukapewa Austin. Austin akatoka hospitali kushonwa mdomo, akarudi, akashinda, akasema yale maneno yake ya 3:16. Yaliyofuata mnayajua.

Kwa hiyo ni nani aliyeibadilisha WWF? Wengi watasema ni akili ya McMahon. Mimi nasema ni mpinzani mwenye hela. Nitro ilianza Septemba 1995, na kuanzia Juni 1996 iliishinda Raw kwa watazamaji wiki 83 mfululizo. Kipigo hicho ndicho kilichomlazimisha McMahon kuanza kutoa mikataba ya malipo ya uhakika, na kuwaachia watu wazungumze kama wao wenyewe badala ya kuwavalisha sare za fundi bomba. Wanamieleka hawakupata heshima kwa kuombwa radhi. Waliipata kwa sababu kulikuwa na mlango wa pili barabarani. WCW iliponunuliwa na WWF Machi 2001, mlango ule ukafungwa.

Ukitaka kuona tunda la miaka hiyo yote, liko Chicago, kitongoji cha Rosemont, tarehe 23 Machi 1997, WrestleMania 13. Bret Hart na Austin. Bret aliingia akishangiliwa, akatoka akizomewa. Austin aliingia akiwa mtu mbaya, akatoka shujaa, damu zimemjaa usoni, amezimia kwenye kabari ya miguu bila kukubali kushindwa. Kazi kama ile haifanywi na watu waliokutana jana. Ni mikono iliyokuwa ikifanya maonyesho ya dola 14.95 mwezi baada ya mwezi.

Na malipo ya Bret? Oktoba 1996 alikataa hela nyingi za WCW akasaini na McMahon mkataba wa miaka 20. Miaka ishirini, mtu anapanga uzee wake! Kabla mwaka haujaisha vizuri akaambiwa kampuni haiwezi kuulipa, atafute pa kwenda. Tarehe 9 Novemba 1997, Montreal, nchini kwake Kanada, kengele ikagongwa kwa amri ya McMahon bila Bret kukubali kushindwa, mkanda ukaenda kwa Shawn. Watu hubishana mpaka leo kama Bret alikuwa na haki ya kukataa kupoteza pale. Mimi huwa nashangaa kwa nini hatubishani kuhusu ile miaka 19 iliyobaki kwenye karatasi.

Siku hizi maonyesho yenyewe hayauzwi sana moja moja. Mwaka 2014 WWE walianzisha mtandao wao kwa dola 9.99 kwa mwezi, vyote ndani, na tangu Januari 2025 Raw iko Netflix. Hapo fungu la kibarua kutokana na mauzo ya onyesho linahesabiwaje, wakati onyesho halina tena bei yake?

Kama una nusu saa wikiendi hii, tafuta Mind Games, 22 Septemba 1996, Philadelphia. Shawn Michaels na Mankind. Ukimaliza, njoo uniambie kwa uso mkavu kwamba kabla ya Austin hakukuwa na kitu.