Kibali cha Mazishi Si Cheti: Neno kwa Makarani Wenzangu

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti letu nijibu neno linalosemwa sana katika mabaraza ya makarani, nami nimelisikia tena juzi katika mkutano wa chama. Neno lenyewe ni hili: ya kwamba watu wa Masasi na Newala wakosa vyeti vya vifo vya jamaa zao kwa sababu ya ujinga wao tu, ya kwamba hawajui faida ya karatasi, wala hawapendi kuwaandikisha wafu, na ya kwamba karani hana kosa lo lote, maana kazi yake ni kuketi na kungoja mtu aje na hati zake zilizotimia. Mimi nalikataa neno hilo. Kwanza, si kweli. Pili, latupa sisi makarani usingizi mzuri tusioustahili.

Kabla ya kuwalaumu watu, yafaa tukumbuke mambo yalivyoanza. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo katika nchi hii ilitungwa mwaka 1920, siku za Waingereza. Kwa muda wa miaka mingi sheria hiyo iliwalazimisha wageni, Mwafrika hakulazimishwa. Mzungu akifa, kifo chake kiliandikwa. Mwafrika akifa, alizikwa, basi. Baada ya Uhuru ndipo kazi hiyo ilipoenezwa kwa wananchi wote, wilaya baada ya wilaya. Basi babu zetu hawakukataa kuandikwa. Hawakuulizwa.

Na jambo hili halikuwa dogo. Mwaka 1917 vita ya Wazungu ilipita katika nchi yetu hii, Lukuledi, Mahiwa, Masasi na Newala, hata von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma mwezi wa Novemba. Wapagazi walikufa njiani kwa njaa, kuhara na uchovu, na wengi wao hawakuandikwa jina mahali po pote. Ilipofika mwaka 2021, halmashauri ya Waingereza itunzayo makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi, ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, walikufa katika vita ile bila kukumbukwa kwa majina, au bila kukumbukwa kabisa. Miaka mia na zaidi imepita, nao wanatafuta majina! Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nitaongeza kwamba mtu naye ni vivyo hivyo.

Sasa tutazame kazi ilivyo leo. Kuandikisha vizazi na vifo Tanzania Bara ni kazi ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, iliyoanza mwaka 2006, na huku wilayani kazi hufanywa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kifo chapasa kuandikishwa katika siku 30. Mtu akifa hospitali, jamaa zake hupewa karatasi pale pale. Akifa nyumbani, Mtendaji hutoa kibali cha mazishi. Karatasi hiyo ndiyo mbegu ya cheti, walakini si cheti. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wakiisha kuzika, hukunja kile kibali wakakitia katika sanduku pamoja na kanzu ya marehemu, wakidhani kazi imekwisha. Nani aliyewaambia kwamba haijaisha? Aliyeandika kibali alijua. Alinyamaza.

Wasomaji wengine watauliza: cheti ni cha nini, na marehemu amekwisha zikwa? Nitajibu kwa mambo yanayotugusa sisi wenyewe. Mwanachama wetu akifa kazini, mjane wake hapati haki yake katika mfuko wa PSSSF, ule uliotokana na kuunganishwa kwa mifuko minne mwaka 2018, bila ya kuonyesha cheti cha kifo. Mtoto wa yatima akitaka mkopo wa kusomea chuo kikuu, Bodi ya Mikopo humtaka cheti cha kifo cha mzazi wake, tena kiwe kimehakikiwa na RITA. Atakaye kufungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo huulizwa cheti. Benki nayo, ikisikia kwamba mwenye akaunti amefariki, hufunga mkono mpaka hati za mirathi zije.

Na katika nchi yetu ya korosho neno hili la benki ndilo lenye uchungu kuliko yote. Tangu msimu wa 2007 korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo wake katika chama cha msingi, mnada hufanywa, na fedha huingia katika akaunti yake baadaye. Basi mtu aweza kufa baada ya kupeleka korosho na kabla ya kuzila fedha zake.

Jambo hili lilimpata mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Alikufa nyumbani kwake, katika kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, mwezi wa Novemba, korosho zake ziko ghalani. Mkewe alipewa kibali cha mazishi siku ile ile. Kibali kiliandikwa jina ambalo kijiji kizima kilimwita, jina lake la jando. Lakini benki na kitambulisho vilikuwa na jina lake la msikitini, na jina la baba limeandikwa kwa namna nyingine. Mkaza mjomba alipokwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, karani alitazama karatasi akasema, "Mama, majina haya hayapatani. Rudi kwa Mtendaji." Akarudi. Safari ya pili akaambiwa, "Hapana kitambulisho cha marehemu." Akarudi. Safari ya tatu, "Siku 30 zimepita, sasa lete na barua nyingine." Safari ya nne aliyehusika hakuwapo, akaambiwa, "Njoo kesho." Kesho ya nani? Mwanamke huyo alilala kwa watu, na nauli aliikopa.

Cheti kilipatikana mwezi wa tano, na mirathi ikachukua siku zake. Mikorosho ilipotoa maua, mkaza mjomba hakuwa na shilingi ya kumlipa mtu wa kupuliza salfa, na fedha za mumewe ziko benki zimelala. Ubwiri unga ukaingia shambani. Msimu uliofuata alivuna magunia mawili, mahali ambapo mumewe alikuwa akivuna kumi na moja. Na wajomba wengine, kwa desturi yetu tunayoijua, wakaanza kusema kwamba shamba ni la ukoo, naye hana hati ya kuwajibu. Haya yote hayakuletwa na mtu mwovu. Hakuna aliyemwomba rushwa, wala hakuna aliyemtukana. Aliambiwa tu ukweli kidogo kidogo, kila safari kipande kimoja, ambapo karani angaliweza kumwambia yote siku ya kwanza katika dakika tano.

Ndugu zangu, nilipokasirika sana kwa ajili ya jambo hilo, nilikumbuka neno langu mwenyewe, nami nitaliungama hapa. Miaka michache iliyopita, katika meza yangu, nilimrudisha bibi kizee kwa sababu ya herufi moja: karatasi moja ilisema Hamisi, na nyingine Khamisi. Niliona nafanya kazi kwa uangalifu. Sikumwambia kwamba kuna hati ya kiapo iwezayo kuyapatanisha majina mawili ya mtu mmoja, wala sikumwonyesha mahali pa kuipata. Alisema, "Ahsante, mwanangu," akaenda zake. Sikumwona tena hata leo. Basi siandiki maneno haya kama mtu aliye safi.

Sasa nitajibu hoja za wenzangu moja moja.

Wasema watu hawapendi karatasi. Je, tumesahau habari ya watoto? Tangu mwaka 2013, kwa kuanzia mkoa wa Mbeya, serikali iliagiza watoto walio chini ya miaka 5 waandikishwe na kupewa vyeti bila malipo katika ofisi za kata na vituo vya afya. Na mwaka 2017 kazi hiyo ikafika Mtwara na Lindi. Mama zetu walikuja na watoto migongoni, wakapanga foleni tangu alfajiri. Watu wale wale tunaowaita wajinga! Kilichobadilika si akili zao, ni umbali wa safari.

Wasema sheria imetoa siku 30, na mzembe ajilaumu. Lakini fikirini: matanga yetu huendelea hata arobaini. Mjane Mwislamu akikaa eda, hukaa miezi minne na siku kumi. Siku za sheria zaisha naye yu ndani. Ni kweli kwamba sheria haikumtaka mjane peke yake; jamaa mwingine aliyekuwapo aweza kutoa habari ya kifo. Basi kwa nini sisi tunasema, "Aje mke mwenyewe"? Neno hilo halikuandikwa na sheria. Tumelitunga sisi mezani.

Wasema majina ya watu wetu ni fujo. Si fujo. Mmakonde, Mmakua na Myao ana jina la kuzaliwa na jina la jando, kisha jina la ubatizo au la chuoni, na kila moja ni lake halali. Fujo huanza pale karani anapoandika jina la kwanza analolisikia, bila kuuliza, "Je, katika kitambulisho chake aliandikwaje? Na katika kitabu cha benki?"

Wasema siku hizi maombi hupelekwa kwa mtandao, basi shida imekwisha. Ni jambo jema, nami nalisifu. Lakini mzee asiye na simu ya namna hiyo humlipa kijana wa dukani amjazie, na kijana akikosea jina, kosa lasafiri upesi kuliko zamani.

Bwana Mtengenezaji, kulalamika bila kutoa shauri ni kazi ya mvivu. Mimi nashauri mambo matano, nayo yote yawezekana bila kungojea fedha wala sheria mpya.

La kwanza: kila anayeandika kibali cha mazishi aulize majina yote ya marehemu, atazame kitambulisho, kisha awasomee jamaa kwa sauti kabla hawajaondoka.

La pili: awaambie kwa maneno haya wazi, "Hiki si cheti. Mna siku 30."

La tatu: kila ofisi inayohusika ibandike mlangoni orodha ya vitu vyote vinavyotakiwa, kwa Kiswahili cha herufi kubwa, pamoja na ada halali. Mtu akija na upungufu, aandikiwe upungufu wote katika karatasi moja, siyo kimoja leo na kingine wiki ijayo.

La nne: chama chetu kichague mwanachama mmoja katika kila tarafa, awasaidie wajane na yatima kujaza karatasi bila malipo. Na asemaye "bila malipo" asinyoshe mkono chini ya meza kwa kutaka chai.

La tano latuhusu sisi wenyewe. Kila mwanachama aende nyumbani jioni hii, afungue sanduku lake, atazame kama jina lake katika barua ya kazi, katika kitambulisho, katika cheti cha ndoa na katika vyeti vya watoto wake ni jina moja. Nasema hivi kwa kuwa nimefanya, nami nikakuta majina yangu ni matatu. Karani aliyewarudisha wengine kwa herufi moja!

Mwaka 1922 makarani Waafrika wa nchi hii walikutana Tanga, wakaunda chama chao cha kwanza, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao. Walitaka waheshimiwe na waliokuwa juu yao. Haki hiyo waliidai kwa adabu na kwa uthabiti. Lakini heshima ina upande wa pili: tuwaheshimu waliosimama mbele ya meza zetu. Mwenye kalamu akisema "njoo kesho", hapotezi kitu. Aliyeambiwa hupoteza nauli, na siku ya shamba, na pengine shamba lenyewe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walakini matumbo yanayoumia si yetu.

Tena tukumbuke kwamba kila mmoja wetu ataandikwa siku moja na karani mwingine. Siku hiyo hatutaweza kusahihisha jina letu, na mke wetu ndiye atakayesimama dirishani. Tumfundishe karani huyo kazi yake sasa, tukiwa hai, kwa mfano wetu.

Wenu katika kazi,
Karani wa Mkomaindo, Masasi