SAFARI NDEFU YA BAISIKELI: Matayarisho ya Mtu Aendaye Peke Yake

Barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga hupita Athi River, Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil. Kutoka Kitengela mpaka Kajiado ni mwendo wa kilomita 50 hivi, na mtu mwenye afya, akiendesha baisikeli ya kawaida yenye mzigo, aweza kuumaliza kwa muda wa saa nne. Ndiyo sababu vijana wengi hudhani kwamba kufika Namanga, mbele ya Kajiado kwa kiasi cha kilomita 90, ni jambo la miguu yenye nguvu tu. Lakini umbali si adui mkubwa katika njia hiyo. Wamwangushao msafiri ni kiu, miiba na upepo, na aendaye peke yake hana mwenzi wa kumgawia maji wala wa kumshikia gurudumu. Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa; basi asiye na kidole cha pili hana budi kuifanya kazi hiyo nyumbani, kabla hajapanda baisikeli.

Maji kwanza. Nchi ya Kajiado ni kavu, na makorongo mengi yanayovukwa njiani hayana maji ila mvua inyeshapo. Katika ukame wa mwaka 2022 wafugaji wa huko walipoteza ng'ombe wengi, nao ni watu wazijuao chemchemi zao zote. Mgeni asitegemee kuokota maji porini. Mtu anayeendesha juani huhitaji nusu lita mpaka lita moja kwa kila saa. Kwa hiyo atokaye Kitengela yampasa kuchukua lita 3 au 4, akijua kwamba kila lita ni kilo moja ya mzigo. Mzigo huo usibebwe mgongoni, maana huumiza kiuno na kuipandisha juu sehemu nzito ya baisikeli. Ufungwe chini, nusu kushoto na nusu kulia kwa gurudumu la nyuma. Msafiri anywe kidogo kidogo kabla hajaona kiu, na chumvi kidogo katika chakula humfaa kwa ajili ya jasho. Isinya hupatikana maduka na chai. Hapo ajaze tena vyombo vyake vyote, hata kama chupa moja tu ndiyo iliyopungua.

Miiba ni habari ndefu. Migunga imejaa kando ya njia, na matawi yake hutumika kwa nyua za ng'ombe, kisha hukokotwa na kudondosha miiba kila mahali. Tena kuna mbigili, mmea mdogo utambaao chini, ambao mbegu zake zina ncha ngumu: hata zikianguka vipi, ncha moja hutazama juu. Yafaa mtu achukue tyubu mbili za akiba, viraka, gundi, pampu, na spana ya kulegezea magurudumu. Lakini vyombo bila ujuzi ni mzigo tu. Kabla ya safari na atoe gurudumu la nyuma mwenyewe, pamoja na mnyororo wake, alirudishe, na kulitoa tena mpaka mikono izoee. Wengi hulijua gurudumu la mbele tu, kwa kuwa ndilo rahisi, hali la nyuma ndilo lenye uzito wote na ndilo litobokalo mara nyingi. Jambo moja husahauliwa sana: tyubu ikisha kuzibwa, msafiri apapase ndani ya tairi polepole kwa kitambaa, maana mwiba uliobaki humo utaitoboa tena baada ya mita mia.

Wakati wa masika, yaani Machi mpaka Mei, haifai kuiacha lami. Udongo mweusi wa nyanda hizi ukilowa hushika tairi, hujaza nafasi iliyo chini ya bamba la matope, na gurudumu halizunguki tena.

Upepo hudharauliwa na watu wasioupata. Si bure kwamba katika Kaunti ya Kajiado kimejengwa kituo cha Kipeto, ambacho tangu mwaka 2021 hutoa umeme kwa nguvu za upepo, uwezo wake ukiwa megawati 100. Upepo huo hutoka zaidi mashariki, nao huzidi jua lipandapo. Aendaye Kajiado huelekea kusini na hushika upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo upepo humsukuma kuelekea katikati, ndiko yapitako malori makubwa yaendayo mpakani. Lori likimpita huuvuruga upepo ghafula, na baisikeli huyumba. Dawa yake ni kuondoka saa 12 asubuhi, kupumzika adhuhuri, kuvaa nguo ya rangi iwakayo, na kuweka kioo kidogo upande wa kulia wa usukani. Kuendesha usiku kuachwe kabisa, hata taa ikiwa nzuri.

Mwenye nia ya kufika Namanga na afanye kwanza safari ya kujipima: Kitengela mpaka Kajiado, alale huko, arudi kesho yake, akiwa na mzigo ule ule atakaousafiria. Siku hizo mbili zitamwonyesha kamba inayolegea, kiti kinachochubua, na maji aliyoyakadiria vibaya. Mnyororo ukilia au breki ikigusa, fundi wa Kitengela yu karibu. Aangalie pia kwamba Namanga iko chini kuliko Kajiado. Kwenda kwaweza kuwa kwepesi na kumdanganya, hali kurudi ni kupanda.

Simu husaidia, lakini betri huisha. Basi aandike katika karatasi mbili saa anayotazamia kufika Isinya, Kajiado, Bissil na Namanga. Moja aiweke mfukoni pamoja na namba za jamaa zake na nauli ya matatu ya kumrudisha yeye na baisikeli yake. Ya pili amwachie mtu wa nyumbani, wapatane kwamba zikipita saa tatu bila habari, mtu huyo ataanza kuuliza katika kituo cha mwisho alichokitaja.