Benki Kuu Hutuliza Soko, Haimhakikishii Mfanyabiashara Bei ya Dola

Waagizaji wa bidhaa wa Kariakoo na wawekezaji wenye ofisi Upanga, jijini Dar es Salaam, hupanga bei zao kwa kutazama thamani ya Shilingi dhidi ya Dola ya Marekani. Miongoni mwao imejengeka imani kwamba Shilingi ikiyumba, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) itaingia sokoni na kuirejesha ilipokuwa. Imani hiyo ikizidi kiasi, huzaa hasara.

Mwenendo wa mwaka 2024 unatoa funzo. Mwanzoni mwa Oktoba, Dola moja iliuzwa kwa zaidi ya Shilingi 2,700. Kufikia katikati ya Desemba ilikaribia 2,400. Aliyehodhi Dola 10,000 akisubiri bei ipande alipoteza takriban Shilingi milioni 3. Miezi michache baadaye, mwaka 2025, bei ilivuka tena 2,600. Aliyeamini kuwa BoT ingelinda 2,400, akachukua mzigo wa Dola 10,000 kwa mkopo, alilazimika kuongeza takriban Shilingi milioni 2.

Katika nyakati zote hizo BoT haikuvunja ahadi yoyote. Thamani ya Shilingi huamuliwa na soko. Benki huuza au kununua Dola katika soko la baina ya benki ili kupunguza mtikisiko wa ghafla, si kulinda bei maalumu. Aidha, akiba ya fedha za kigeni ina jukumu kubwa zaidi: inapaswa kutosha kuagiza bidhaa na huduma kwa kipindi kisichopungua miezi minne.

Hata pale ahadi inapotolewa waziwazi, haidumu milele. Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza mwaka 2011 kwamba Euro haitashuka chini ya Faranga 1.20, tarehe 15 Januari 2015 iliondoa kiwango hicho bila kutoa taarifa mapema, na walioutegemea ulinzi huo wakapata hasara siku hiyohiyo.

Ni vema, basi, mfanyabiashara apige hesabu ya mzigo wake kwa bei ya Dola iliyo juu kuliko ya leo, aepuke deni la Dola ilhali mauzo yake ni ya Shilingi, na aulize benki yake kuhusu mikataba ya kununua Dola kwa bei iliyokubaliwa mapema. Utulivu wa soko ni jukumu la Benki Kuu. Tahadhari ya mtaji ni ya mwenye mtaji.